Siku Iliyofunguliwa Mara Mbili

Bi Mejumaa alifika dukani siku ya kumi na sita. Baadaye Swabaha alikuja kuihesabu siku hiyo mara nyingi, lakini wakati ule aliona ni mteja tu, tena mteja anayempenda. Duka la dawa lilikuwa Ndia Kuu, katika Mji wa Kale, chumba chembamba chenye kaunta ya kioo na feni iliyolalamika tangu asubuhi. Bi Mejumaa aliingia taratibu, begani buibui lake limeshika chokaa ya ukuta wa kichochoro, akatoa kopo katika mkoba wa ukindu na kuliweka juu ya kioo. Lilikuwa tupu.

Swabaha alitazama tarehe aliyoiandika mwenyewe kwa kalamu. Vidonge thelathini, kimoja kila usiku. Ilikuwa dawa ya kulainisha damu isigande, aliyoandikiwa Bi Mejumaa baada ya donge la damu kumziba mguu mwaka juzi. Kopo lile lilikuwa la mwezi mzima.

Akamuuliza kama vilimwagika, au kama kuna wajukuu waliovichezea. Bi Mejumaa alifikiri kwa muda, akasema huenda vilimwagika, hakumbuki. Kusahau ndio ulikuwa ugonjwa wake wa pili, na huo haukuwa na kopo. Kwa kuwa alikuwa Bi Mejumaa, aliyempikia Swabaha na kumsuka nywele tangu mamake alipofariki, na kwa kuwa Bwana Aidarus mwenye duka alikuwa ametoka kuswali adhuhuri, Swabaha alifungua kabati akamhesabia vingine thelathini. Akaandika daftarini idadi na tarehe. Kwamba mteja amekuja mapema, hilo hakuliandika.

"Lakini sasa hukosi hata siku moja," Swabaha alimwambia akimfungia kopo.

"Sikosi," Bi Mejumaa akasema. "Ile simu yako hainiachi."

Swabaha akacheka, na siku nzima ile akawa na furaha.

Furaha hiyo ilikuwa na chanzo chake. Babake alikuwa mgonjwa wa presha aliyemeza dawa siku anayokumbuka na kuacha siku asiyokumbuka, hadi akaanguka bafuni, akapooza, na mwezi wa saba akafariki. Baada ya matanga Swabaha alianza kufikiria kitu kimoja tu: kitu cha kukaa ndani ya simu ya mzee na kumwambia ameze, kwa Kiswahili na kwa saa za Kiswahili, tena kiwe na alama ya kubonyeza akishameza. Vya aina hiyo vilikuwapo, lakini vyote vilisema Kiingereza, na vyote vilisema saa tisa kwa kitu ambacho Bi Mejumaa anakijua kuwa saa tatu.

Hakuwa amesomea kompyuta. Alikuwa na cheti cha kugawa dawa, simu yenye kioo kilichopasuka, na miaka thelathini na mitatu. Alianza na vidio za bure za mwalimu mmoja mwenye sauti tulivu, masomo arobaini, na Swabaha hakuwahi kujua ni mtu wa nchi gani. Somo la kwanza alilirudia mara sita. Katika la tano akakwama, na hapo ndipo akampata Awiti.

Awiti alikuwa mwanamke wa Kisumu, karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, aliyejifunza kuunda programu za simu mwenyewe baada ya kazi. Jumamosi alikuwa akifundisha wanawake wanane katika chumba cha kuazima karibu na nyumba za baraza la mji kule Buxton. Siku ya kwanza alimwandikia Swabaha ukurasa mzima kwa mkono: vidio zipi azitazame na zipi aachane nazo, kitabu kipi cha mtandaoni kisichotaka kulipiwa, jukwaa la wanafunzi ambako mtu huuliza swali la kijinga bila kuchekwa, na ghala la mifano, mahali ambapo watu wa dunia nzima wameweka vipande vya msimbo, yale maandishi yanayoiendesha programu, vikiwa tayari, unavichukua na kuvishona katika kazi yako. Kisha akamwazima laptopu nzee, akamwonyesha simu ya kuigiza: picha ya simu ndani ya kompyuta, inayowaka, inayolia, inayobonyezwa kama simu ya kweli. Swabaha aliiangalia kama mtoto aliyeletewa mwanasesere anayefumba macho.

Baada ya miezi mitano programu ilikuwa tayari. Aliiita Kumbusho. Sauti yake ilikuwa kengele ya baiskeli, aliyoirekodi mwenyewe kichochoroni kwao Kibokoni. Kipande kikubwa alikichukua katika ghala la mifano, kile kinachopanga miito na kukumbuka ni ipi imekwisha kujibiwa, nacho kilikuwa kimesifiwa na watu maelfu. Kipande hicho kilikuwa na jambo moja zuri zaidi: simu ikiwa ilizimwa, kila inapowashwa hutazama kama kuna dawa iliyopitwa, na kama ipo, hulia papo hapo.

Masomo ya thelathini na tatu hadi thelathini na sita yalikuwa ya kuijaribu programu kabla ya kuitoa. Mwalimu mwenye sauti tulivu alianza kwa kusema kwamba yanachosha. Swabaha akayaruka. Awiti alimwambia asiyaruke, akamwambia tena Jumamosi iliyofuata, na Swabaha akaahidi kwamba atayarudia baada ya Ramadhani.

Wagonjwa walikuwa kumi na wanne, wote wazee, wote wateja wa duka. Aliwawekea mwenyewe, simu moja moja. Hakuipitisha kwenye duka la programu kwa sababu lilitaka kadi ya benki na karatasi ambazo hakuwa nazo. Aliituma kama faili, simu hadi simu, kama watu wanavyotumiana picha za arusi. Walipokuja kuchukua dawa aliwauliza inawafaa vipi. Lalamiko alilipata moja tu, kutoka kwa Bi Mejumaa.

"Mwanangu, simu yako haijui siku," alisema. "Jana usiku ilikuwa usiku wa Ijumaa. Yenyewe yasema Alhamisi."

Swabaha alijua maana yake. Kwa wazee wa Mji wa Kale siku hufunguka magharibi. Jua likishatua Alhamisi, Ijumaa imeingia. Jumapili ile alikaa na laptopu, akaandika mistari tisa ya kwake mwenyewe, siku ikawa inageuka saa kumi na mbili jioni kama inavyotakiwa. Alijaribu kwenye simu ya kuigiza, ikalia saa tatu usiku, ikaandika usiku wa Jumatatu. Akawatumia wote kumi na wanne toleo jipya. Bi Mejumaa alimwombea dua ndefu. Siku hiyo ndiyo ya kwanza katika zile kumi na sita.

Dalili ya pili ilikuja ikiwa na sura ya jambo la furaha. Juma moja baada ya Bi Mejumaa kuchukua kopo la pili, Swabaha alikuwa akipita kichochoro cha nyuma ya Ndia Kuu kwenda kazini, akasikia kengele ya baiskeli juu ya kichwa chake. Akasogea ukutani ampishe mwenye baiskeli, lakini hakukuwa na baiskeli. Kengele ilitoka kwenye dirisha la ghorofa ya pili lenye pazia la kijani. Ililia mara tatu, ikanyamaza. Alisimama pale akitabasamu. Kisha tabasamu likamkauka, kwa sababu ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, na katika wagonjwa wake wote hakuna aliyepangiwa dawa saa hiyo. Tena nyumba ile hakuijua. Hakuwa na mgonjwa ndani yake.

Alijiambia huenda ni simu ya mgeni. Akaenda kazini.

Adhuhuri akaja Mzee Kombe. Huyu alikuwa fundi wa mashine za boti kule Liwatoni, mtu wa miaka sitini na minane mwenye mikono isiyotoka mafuta, naye pia alikuwa akimeza dawa ya kulainisha damu kwa sababu moyo wake ulikuwa unapiga ovyo. Hakuja kwa dawa. Alitaka kitu cha kusukutua, maana siku hizi akipiga mswaki mate yote yanatoka mekundu, na asubuhi ile mkewe ameona doa la damu kwenye foronya.

Swabaha alimuuliza kama anameza vidonge vyake sawasawa, kila usiku.

"Kila ikilia nameza," Mzee Kombe akasema. "Si ndivyo ulivyonifundisha?"

Akamwambia aache dawa hadi aende kupima damu, aende siku hiyo hiyo. Mzee akaahidi. Swabaha akaendelea na wateja wengine, akahesabu vidonge, akarudisha chenji, lakini neno moja likawa linamrudia. Mzee Kombe hakusema kila usiku. Alisema kila ikilia.

Alasiri aliomba ruhusa, akaenda nyumbani na kufungua laptopu. Akawasha simu ya kuigiza, akaweka saa yake karibu na saa tatu usiku, akangoja. Ikalia. Akabonyeza alama kwamba dawa imemezwa, ikanyamaza. Akarudia mara tatu, na mara zote tatu ililia mara moja tu. Kila kitu kilikuwa sawa. Badala ya kumtuliza, usawa ule ulimtia hofu zaidi, kwani alijua sasa kwamba simu ya ndani ya kompyuta haina mwenyewe. Haina mtu wa kuizima akienda kulala.

Asubuhi ya pili alikwenda kwa Bi Mejumaa kabla ya kazi. Bi Mejumaa alikaa peke yake Kibokoni, vyumba viwili juu ya ngazi ya mbao. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa mpishi wa skuli moja kule Kizingo, na hata sasa aliamka alfajiri kama kuna watoto mia mbili wanaongoja uji. Alimkaribisha, akamsabahi, akamuulizia wa nyumbani wote, akampa kikombe cha chai ya tangawizi. Mkono ulionyoosha kikombe ulikuwa na doa kutoka kiwiko hadi kifundo, rangi ya zambarau iliyoiva.

Swabaha akamuuliza limetokana na nini. Bi Mejumaa akautazama mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine, akasema labda alijigonga. Kichwa ndicho kinachomsumbua, akasema. Tangu jana kinauma upande mmoja, na usiku hakulala vizuri. Kisha akachukua simu yake rafuni. Ilikuwa imezimwa. Kila usiku aliizima baada ya kumeza dawa, kutunza chaji, na kila asubuhi aliiwasha baada ya kuswali, asikie kama kuna aliyemtafuta. Leo alikuwa amechelewa kwa sababu ya mgeni.

Aliibonyeza. Kioo kikawaka, rangi zikapita. Kisha kengele ya baiskeli ikalia.

Bi Mejumaa hakushangaa. Mkono wake mwingine ulikuwa umeshakwenda kwenye kopo bila ya yeye kuutazama, ukalifungua, ukatoa kidonge, ukakileta hadi mdomoni. Swabaha akaushika.

"Bi Mejumaa. Jana usiku ulimeza?"

Bi Mejumaa alimtazama kwa upole, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo si lake.

"Sikumbuki, mwanangu. Lakini hiyo yakumbuka," akasema, akaelekeza kidevu kwenye simu.

Swabaha alikitoa kidonge kiganjani mwake. Kilikuwa kimeanza kulowa. Akakumbuka vidonge thelathini vilivyokwisha kwa siku kumi na tano, na vingine thelathini alivyovihesabu yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Alimwambia Bi Mejumaa avae buibui, waende hospitali sasa hivi. Bi Mejumaa alinyanyuka, akapiga hatua mbili kuelekea mlangoni, akasema mguu umelala, akakaa chini sakafuni polepole kama anayekaa mkekani. Alipotaka kusema neno jingine, neno halikuja sawa.

Majirani wawili walimsaidia kumteremsha ngazi. Katika tuktuku, kichwa cha Bi Mejumaa kilikuwa mapajani mwa Swabaha. Hapo ndipo alipompigia simu Bwana Aidarus kumweleza haji kazini, na kwa nini.

Bwana Aidarus hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyemchukua Swabaha akiwa hajui hata kusoma mwandiko wa daktari, akamfundisha. Alikata simu bila ya kuaga. Walipokuwa wamekwisha kufika hospitali kuu, na Bi Mejumaa amekwisha kuingizwa ndani, ukaja ujumbe. Aliandika: *Wakiuliza, sema kimoja kila usiku, kama alivyoandikiwa. Hilo ni kweli. Hayo mengine tutayazungumza sisi.*

Swabaha alikuwa bado ameushika ujumbe ule mkononi daktari alipotoka. Alikuwa mwanamke mdogo kwake kwa umri, kifuani kibandiko kimeandikwa Emmah. Alisema kwa haraka lakini bila ukali kwamba mgonjwa anavuja damu ndani ya kichwa, na kwamba ameona katika kadi yake dawa anayotumia. Akauliza anameza kiasi gani.

Hakuna aliyekuwa akimtazama Swabaha isipokuwa daktari huyo. Angeweza kujibu kimoja, na isingekuwa uongo wa kuandikika mahali popote.

"Viwili," akasema. "Kimoja usiku, kimoja asubuhi. Zaidi ya majuma matatu sasa."

"Nani alimwambia ameze viwili?"

"Mimi."

Daktari Emmah alimkazia macho mara moja tu, akageuka akarudi ndani kwa mbio. Kupitia mlango unaofungika polepole Swabaha alimsikia akitaja sindano ya kugandisha damu, na kiasi chake, na kusema iletwe sasa.

Hakungoja majibu. Aliwapigia watoto wa Bi Mejumaa, na bintiye mkubwa alipofika, Swabaha alimweleza yote bila kupunguza. Yule binti alimpita, akaenda kuketi benchi la mwisho kabisa, mkoba wa ukindu wa mamake mapajani.

Swabaha akaenda Buxton. Awiti, aliyepigiwa simu, alikuwa ametoka kazini akaja, na laptopu ilikuwa imeshafunguliwa mezani. Walisoma msimbo mstari kwa mstari, na haikuwachukua hata saa moja. Awiti ndiye aliyeona. Aliweka kidole kwenye kioo na kungoja Swabaha naye aone.

Mistari tisa ya Swabaha ilikuwa ikifungua siku mpya magharibi. Kile kipande cha ghalani hakikujua habari hizo. Kwake siku mpya ilifunguka saa sita usiku, na kila kilipofungua siku kilifungua ukurasa mtupu. Kwa hiyo mgonjwa alimeza dawa ya Ijumaa Alhamisi usiku saa tatu, akabonyeza alama, na saa tatu baadaye Ijumaa ile ile ikafunguliwa mara ya pili, alama ikafutika. Kama simu iliachwa inawaka, hakuna aliyejua. Lakini mtu akiizima na kuiwasha asubuhi, kipande kile kilifanya kazi yake nzuri: kilitazama nyuma, kikaona dawa ya Ijumaa haijamezwa, kikalia.

"Ungeizima ukaiwasha siku moja tu," Awiti akasema kwa sauti ya chini. "Somo la thelathini na nne." Kisha akajuta kusema, akamshika bega.

Waligawana majina ya wagonjwa. Hadi magharibi ya siku hiyo na siku iliyofuata walipanda ngazi na kubisha milango, wakafuta Kumbusho katika simu kumi na tatu, na ya kumi na nne ilikuwa kwenye mkoba wa binti wa Bi Mejumaa, aliyeitoa bila ya kuwatazama. Watano kati ya wagonjwa hao walikuwa na tabia ya kuzima simu usiku. Wawili walimeza dawa ya presha maradufu na kwa majuma mawili walikuwa wakiona kizunguzungu wakidhani ni joto. Mzee Kombe alikuwa amekwenda kupima kama alivyoambiwa. Damu yake ilikuwa nyepesi kama maji, wakamlaza, na alikuwa ameketi kitandani akila chungwa.

Kwake ndiko Swabaha alikojua kwamba kazi haijaanza. Mzee Kombe alijitetea kwamba kitu kizuri hakifichwi. Aliwatumia wazee wa msikiti wake, kundi zima. Akamtumia nduguye aliyeko Vanga, karibu na mpaka. Akamtumia na shemeji yake mmoja, na huyo alisema amewapa wenzake kazini, maana wote wana wazee nyumbani.

"Una majina yao?" Swabaha akauliza.

Mzee Kombe akaacha kula. "Hilo faili latembea lenyewe, binti yangu. Mimi nijue vipi?"

Katika masomo yote arobaini palikuwa na somo la kutuma. La kurudisha halikuwapo, na katika jukwaa la wanafunzi, alipouliza, watu wa nchi mbalimbali walimjibu kwa huruma kwamba faili lililotumwa mkono kwa mkono halina njia ya kufuatwa. Wangeweza kumsaidia kuandika toleo lililosahihishwa, na walimsaidia. Liliandikwa upya na kujaribiwa siku nne, simu halisi sita zikazimwa na kuwashwa saa zote. Lakini lile la kwanza lilisambaa kwa sababu watu walilipenda. La pili lilikuja na habari mbaya, na habari mbaya mtu huisoma akaiacha hapo hapo.

Alirekodi sauti, dakika moja na nusu. Akataja jina lake, akasema programu aliyoiunda ina kosa linaloweza kuua, akaeleza jinsi ya kuifuta, akaomba kila aliyeipata amfikishie habari mtu aliyempa programu hiyo, na kila mtu ambaye yeye naye alimpa. Majibu yalianza kuingia siku hiyo hiyo. Wengine walimlaani. Wengine waliuliza kama ni utapeli. Mtu mmoja aliandika kwamba kwao huku inawafaa sana, mama hasahau tena, Mungu ambariki, na je anaweza kubadilisha sauti ya kengele. Swabaha alimpigia mara saba kabla hajamjibu, na alipojibu alibishana naye nusu saa nzima kabla hajakubali kuifuta.

Bwana Aidarus alimwita Ijumaa. Wakaguzi wa maduka ya dawa walikuwa wameshafika, kwa sababu hospitali iliandika alichosema Swabaha, na mlango wa duka ulikuwa umefungwa kwa siku kumi na nne. Hakumpigia kelele. Alimwambia tu kwamba angejibu kimoja, hakuna ambaye angeumia zaidi ya alivyokwisha kuumia. Swabaha alimjibu kwamba daktari asingejua kiasi cha sindano. Bwana Aidarus alikaa akizungusha tasbihi, akasema huenda, akamwomba aache funguo mezani.

Bi Mejumaa hakufa. Alitoka hospitali siku ya ishirini na moja, mkono wa kulia haushiki kitu na maneno yanamjia moja moja. Bintiye alimruhusu Swabaha aingie siku ya tatu baada ya kurudi nyumbani, akasimama mlangoni muda wote. Bi Mejumaa alimtambua. Alimpapasa uso kwa mkono wa kushoto, kisha akatazama rafuni ilipokuwa ikikaa simu.

"Sasa," akasema, akatafuta neno, akalipata. "Sasa nani atanikumbusha?"

Tangu siku hiyo Swabaha alikwenda mwenyewe kila jioni, akamwekea kiganjani kidonge kipya alichoandikiwa hospitali, akamtazama akimeza. Asubuhi zake alizitumia kwa daftari. Kila aliyempata alimuuliza amempa nani, na kila mmoja alikuwa na mtu, mara nyingine watatu. Majina yalifika sitini na tatu. Arobaini na moja alikuwa amekwisha kuwafikia. Awiti alimsaidia Jumamosi na Jumapili, wanawake wa darasani nao wakachukua kurasa zao.

Nduguye Mzee Kombe kule Vanga alimpa nambari moja, nayo ilimpeleka kwenye nambari nyingine upande wa pili wa mpaka, ambayo kwa siku tano haikupokewa. Siku ya sita ikapokewa na mwanamume mwenye sauti ya uchovu. Swabaha akajitambulisha, akaanza maneno ambayo kwa wakati huo aliyajua kwa moyo. Yule bwana akamsikiliza hadi mwisho.

Alisema ni kweli, walikuwa nayo. Alimwekea mama mkwe wake. Lakini mama mkwe walimzika Jumatatu iliyopita. Damu ilimtoka puani, haikukatika. Alikuwa mtu mzima sana, akasema, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Swabaha alimwuliza jina la marehemu, akaliandika. Kisha akauliza ile simu iko wapi.

"Amechukua nduguye marehemu," yule bwana akasema. "Naye ana presha, tukaona itamfaa."

"Niambie jina lake. Na uniambie kama saa hii simu imewashwa."

Yule bwana akamwambia angoje. Swabaha akamsikia akitembea, akamsikia akiita mtu uani, na sauti ya mwanamke ikamjibu kutoka mbali. Akarudi.

"Imezimwa," akasema. "Huiwasha akiamka."